Ndege Iliyoondoka na Jirani

Mkwe wangu mtarajiwa alikubali kutupokea mara moja tu. Mchumba wangu alinifikishia neno hilo bila kulipamba: ingekuwa Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana, nyumbani kwao Murang'a, tukifika tutasikilizwa, tusipofika hatutaulizwa. Alinieleza kwamba baba yake si mtu wa hasira. Ni mtu asiyerudia. Miaka michache kabla ya hapo, wazazi wa kijana aliyetaka kumposa dada wa mchumba wangu walishindwa kufika siku waliyopangiwa, wakapiga simu wiki iliyofuata kuomba siku nyingine, naye mzee akawauliza kwa adabu kama hawakukosea namba.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Sisi tungefika.

Tulijuana katika chuo kikuu kilichoko Bondo, mimi nikisomea maendeleo ya jamii na yeye ualimu wa hisabati. Tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho ilihusu ndoa za watu wa makabila tofauti kama njia ya kulijenga taifa, na yeye ndiye aliyeisoma rasimu yake ya kwanza. Aliniuliza kama kuna mtu yeyote niliyewahi kumwuliza ana kwa ana kama angekubali ndoa ya namna hiyo. Nikamwuliza yeye. Baba yake hakuisoma tasnifu hiyo. Kisumu, nyumbani kwetu, aliijua kwa habari za redio tu, na habari zenyewe, kwa miaka mingi, hazikuwa za kumshawishi mzazi aozeshe huko.

Ujumbe wetu ulikuwa wa watu watano. Kiongozi alikuwa baba mkubwa, kaka yake Baba, anayeishi Bondo. Yeye ndiye angesema. Wa pili alikuwa Baba mwenyewe. Wa tatu alikuwa dada yao, anayenunua mchele Ahero na kuuuza mtaani kwetu Kondele, ambaye sote tunamwita Waya, kama shangazi anavyoitwa kwa Kijaluo. Wa nne nilikuwa mimi, ambaye kwa desturi nilitakiwa kuwepo na kunyamaza. Wa tano alikuwa jirani yetu, mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Kondele. Yeye ni Mkikuyu, mzaliwa wa huko huko tulikokwenda, lakini ameishi Kisumu tangu kabla sijazaliwa, na wenye bodaboda humsikia akibishana nao kwa Kijaluo safi kuliko changu. Tulimwomba aje atutafsirie lugha na, alivyosema mwenyewe, atutafsirie kimya, maana kwao kimya cha mzee kina maana zaidi ya moja.

Kwa kawaida tungekwenda kwa gari. Lakini wiki hiyo mvua ilikuwa imefanya kazi yake ya kila mwaka, na Waya alirudi kutoka Ahero, kwenye barabara ya Nairobi, akiwa na habari kwamba maji yamepanda juu ya lami na malori yamelala njiani. Baba akaamua twende kwa ndege hadi Nairobi, kisha tupande gari la kukodi. Waya alipinga kwanza, kwa hoja kwamba mtu anayekwenda kuomba hafiki kutoka juu. Baada ya kuambiwa kwamba njia nyingine ni kuogelea, akakubali.

Siku yenyewe tulifika uwanjani mapema kiasi cha walinzi kutuuliza kama tunakwenda au tumekuja kupokea watu. Baba ndiye aliyehakikisha hivyo. Alistaafu akiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na sifa yake hadi leo ni kwamba aliwahi kufungua mkutano wa wazazi saa iliyotangazwa bila mzazi hata mmoja kuwepo, akasoma ajenda, akauliza kama kuna maswali, akaufunga.

Baba mkubwa peke yake ndiye hakuwa amefika. Alitoka Bondo alfajiri, na barabara ya upande huo haikuwa na maji.

Jirani akasema anatangulia ndani kushughulikia mizigo. Zawadi zetu, yaani mablanketi, shuka na sufuria, zilikuwa zimefungwa katika masanduku mawili, akayachukua yote kwa jina lake. Sisi watatu tukasimama nje ya mlango wa abiria. Ng'ambo ya njia ya ndege lilikuwepo ziwa.

“Tuingie?” nikamwuliza Baba.

“Tunamngoja mkubwa.”

“Tunaweza kumngojea ndani.”

Baba akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mtoto aliyetoa jibu sahihi la swali lingine.

“Safari hii si ya ndege,” akasema. “Ni safari ya ndoa. Mlango wake wa kwanza ni huu hapa. Mimi siwezi kuupita mlango wa kwanza kabla ya mtoto wa kwanza wa mama yangu.”

Kwetu, utaratibu wa kuzaliwa ni sheria. Mkubwa hupanda mbegu kwanza, huvuna kwanza, hujenga kwanza, huoa kwanza. Mdogo anayemruka huleta balaa juu yake na juu ya watoto wake. Mambo hayo niliyajadili chuoni, kwa heshima, katika sura nzima. Hakuna mahali niliposoma kwamba sheria hiyo inahusu milango ya viwanja vya ndege. Wala, ili niwe mkweli, hakuna mahali niliposoma kwamba haihusu.

Waya akampigia baba mkubwa simu, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie.

“Uko wapi?”

“Niko hapa karibu,” baba mkubwa akajibu. Nyuma yake umati ulikuwa ukiimba wimbo wa kanisani kwa sauti tatu.

“Hapo karibu kuna kwaya?”

“Nimesimama kidogo tu.”

“Umesimama wapi, jaduong'?” Waya akauliza. Humwita kaka yake mzee kwa Kijaluo anapokaribia kumkosea heshima.

Wimbo ukaendelea. Kisha baba mkubwa akasema, “Kuna msiba.”

Ilikuwa Jumamosi, siku ya mazishi. Akiwa njiani, kabla ya kufika Maseno, aliona hema na magari katika boma la mtu ambaye dada yake ameolewa katika ukoo wetu. Angeweza kupita. Lakini gari lingeonekana, na mwaka mzima ambao ungefuata watu wangesema kwamba mzee wa kwetu alipita kwenye kilio akienda harusini. Akaingia ili atoe mkono wa pole na kutoka. Lakini mzee wa umri wake hawezi kuingia msibani akabaki mtu wa kawaida. Walimketisha mbele. Kisha wakampa kipaza sauti.

“Na umeshasema?” Baba akauliza.

“Bado. Ninangojea mchungaji amalize.”

“Waambie una ndege.”

“Mwalimu,” baba mkubwa akasema, kwa upole mkubwa, “marehemu yuko hapa mbele yangu. Nimwambie nina ndege?”

Baba akakata simu, akairudisha mfukoni, akaunyoosha mkunjo wa koti.

“Hiyo ndege iko na dereva,” Waya akasema. “Dereva ni mtu. Mtu anaweza kungoja.”

Nilimweleza jinsi usafiri wa anga unavyoendeshwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama huyo rubani hana wakubwa wake.

Jirani akapiga simu kutoka ndani. Tulimwona kupitia kioo, akiwa na kofia yake ya sherehe na kadi ya kupandia mkononi. “Mwalimu, wanafunga. Binti wa hapa anasema wasioandikishwa sasa wameachwa. Ingieni.”

“Tunamngoja mkubwa.”

“Na mimi je?”

“Wewe nenda. Wewe si mtoto wa mama yetu.”

Jirani alitutazama kwa muda kupitia kioo. Halafu akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoipenda lakini anayoijua, akageuka kuelekea sehemu ya ukaguzi.

Lazima niseme kwamba hapo nilijaribu. Nilimwambia Baba kwamba desturi iliwekwa ili imtumikie mwanadamu. Kwamba anayesubiriwa huko Murang'a si mtoto wa kwanza wa nyanya bali ni sisi. Kwamba iwapo hawaingii, basi mimi niingie na jirani, niombe radhi kwa niaba yao. Sauti yangu haikupanda. Nilikuwa na hoja tatu na zote zilikuwa nzuri.

“Ingia,” Baba akasema. “Hakuna aliyekushika.”

Mlango ulikuwa hatua chache kutoka nilipokuwa, na ulikuwa wa kufunguka wenyewe. Nilisogea ukafunguka. Nikarudi nyuma ukajifunga. Mlinzi aliniomba niamue, kwa sababu baridi ya ndani inalipiwa. Nikaamua kubaki, na sikuweza kueleza hoja ya uamuzi huo, si kwa mlinzi wala kwa nafsi yangu.

Ndege ikaondoka. Ilikuwa na viti vinne vitupu na jirani yetu.

Baba mkubwa alifika baadaye kidogo, ametulia, viatu vimejaa vumbi la kaburini. Alikuwa amezungumza vizuri. Hata dereva wake alitushuhudia hilo. Waya hakutaka kusikia. Alisema mtu hatoki kaburini akaingia kwa wakwe na miguu hiyo, akampeleka kwenye bomba lililoko karibu na maegesho, akamwamuru avue viatu. Baba mkubwa akavua. Waya akamwosha miguu, na mlinzi akaja kuuliza kama mzee ni mgonjwa.

“Hapana,” Waya akasema. “Ni mkwe.”

Baada ya hapo tukaingia, baba mkubwa akiwa mbele.

Dada wa kaunta alituhudumia kwa subira. Alitufundisha kwamba abiria asiyetokea huandikwa kuwa hakutokea, hata kama alikuwa mlangoni, maana mlango hauhesabiwi. Alitufundisha kwamba mzigo wa mtu aliyeachwa hushushwa, lakini wetu ulikuwa wa jirani, kwa hiyo ulikuwa umekwenda. Mwisho alitufundisha kwamba tiketi zetu zilikuwa za kwenda na kurudi, na mtu asiyekwenda hufutiwa na kurudi pia.

“Kwa hivyo,” baba mkubwa akasema, “hatujaenda popote na hatuwezi kurudi.”

“Ndiyo, Mzee,” dada akasema.

“Tuko wapi sasa?”

“Mko Kisumu, Mzee.”

Ndege ya mchana ilikuwa na viti vitatu. Alipotamka idadi hiyo, hakuna aliyeuliza ni nani atakayebaki. Baba mkubwa aliniwekea mkono begani. “Kazi ya kijana ilikuwa kunyamaza,” akasema. “Anaweza kunyamaza akiwa nyumbani.”

Kabla ya kuondoka uwanjani nilimpigia mchumba wangu. Nilimweleza yote kwa mfuatano, pamoja na kipaza sauti, kwa kuwa niliamini kwamba ndoa haiwezi kusimama juu ya habari nusu. Alinisikiliza.

“Baba yangu ameshavaa koti,” akasema.

“Tafadhali usimdanganye.”

“Sikupanga kumdanganya. Nilipanga kunyamaza. Akifungua lango ataona mwenyewe.”

“Ataona nini?”

“Sijui,” akasema. “Hilo ni swali lako wewe. Mnaniletea nini?”

Jirani naye alikuwa amempigia Baba kutoka Nairobi. Gari la kukodi la watu saba lilimpokea, na dereva hakuwa tayari kuondoka kwa kuwa aliambiwa angoje watu watano. Jirani alitaka kujua kama arudi au aendelee. Baba alimwambia aendelee, akae pale kwa heshima, asiseme jambo lolote la ndoa mpaka wenyewe wafike. Kisha wazee wangu watatu wakaingia kungojea ndege yao, na mimi nikapanda bodaboda kurudi Kondele.

Mama aliniona mlangoni nikiwa na suti. Akauliza kama wamekwisha kunikataa. Nikamwambia bado. Akanipakulia chakula.

Nilikuwa sijamaliza kula jirani aliponipigia. Nilikuwa mtu pekee wa kwetu ambaye simu yake ilikuwa wazi. Wengine walikuwa hewani.

“Kijana,” akasema, kwa sauti ya chini, “niko nyuma ya jiko la kwao. Nimetoka kidogo. Nikwambie mambo yalivyokwenda?”

Yalikwenda hivi. Alifika langoni kabla ya chakula cha mchana, kama ilivyotakiwa. Akina mama wa kule walikuwa wamelifunga lango, wakaanza kumwimbia nyimbo za kuwazuia wageni, naye akawajibu kila ubeti kwa lugha yao, kwa sababu alizaliwa vilima viwili kutoka hapo. Wimbo ulipokwisha, mama mmoja akamwambia asogee kando, mzee, wanawangoja Wajaluo.

“Ukasema nini?”

“Nikasema mimi ndio Wajaluo.”

Walicheka. Aliposhusha masanduku wakaacha kucheka. Lango likafunguliwa, akapelekwa sebuleni ambamo viti vitano vilikuwa vimepangwa vikielekeana na wazee wa ukoo, akaketi kwenye kimoja. Aliponena kwa Kikuyu walimwambia wamekubaliana kutumia Kiswahili ili wageni wasitengwe. Kwa hiyo akazungumza Kiswahili. Mmoja wa wazee akawa anamtafsiria.

“Mzee,” nikasema, “Baba alikuomba usiseme kitu.”

“Nilikaa kimya. Nilikaa kimya sana. Halafu mwenye boma akaniuliza swali, na swali lenyewe si la mtu kukaa kimya. Nimelijibu. Sasa nimeona nikwambie nilivyojibu, kwa maana nimejibu kwa jina lenu.”

“Aliuliza nini?”

“Aliniuliza, siku zikiharibika tena huko kwenu, msichana wake atakimbilia wapi.”

Mama alikuwa amesimama na bakuli la mboga mkononi. Sauti ya simu ilikuwa kubwa na alisikia kila neno.

“Na wewe ukajibu nini?”

“Nikamwambia sijui yeye. Lakini mimi nilikimbilia hapo hapo anapokwenda.”

Mwaka wa vurugu zile zilizofuata uchaguzi, Wakikuyu walipofukuzwa Kisumu, nilikuwa mtoto. Nilichokumbuka ni kwamba kwa muda fulani tulikatazwa kuingia stoo, na kwamba Mama alikuwa akisonga ugali mkubwa kuliko watu niliowaona mezani. Sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Niliandika kurasa nyingi kuhusu ujirani, nikaenda nyumba kwa nyumba na hojaji mitaa ya Kondele yote, na nyumba pekee ambayo sikuihoji ni yetu, kwa sababu niliamini majibu yake ninayo.

“Alisemaje ulipomjibu?”

“Amenyamaza.”

“Kimya cha namna gani?”

“Hicho sikijui,” jirani akasema. “Nikikijua nitakupigia.” Halafu akaniaga, kwa kuwa walikuwa wakimwita kula.

Mama akaliweka bakuli mezani. “Kumbe amesema,” akasema.

“Kwa nini hamkuniambia?”

“Baba yako hakutaka lisemwe. Alisema likisemwa, jirani atageuka mgeni. Akija kuomba chumvi atakuja amevaa viatu.” Akaitazama sahani yangu. “Maliza chakula.”

Alasiri nzima haikuwa na habari. Nilivua suti, nikaitundika, nikafua soksi ambazo hazikuwa chafu. Nilianza kumwandikia mchumba wangu ujumbe wa kumweleza kwamba nitauheshimu uamuzi wowote wa baba yake. Nikausoma, nikaona kwamba si kweli, nikaufuta.

Jua lilipokaribia kuzama mchumba wangu mwenyewe akapiga. Nyuma yake palikuwa na watu wengi na vyombo.

“Wamefika,” akasema.

“Wako salama?”

“Wako salama. Lakini kuna jambo. Wamekuta tumemaliza.”

Baada ya kile kimya, baba yake alikuwa ameamuru kikao kiendelee. Jirani, akiwa ameketi peke yake upande wa viti vitano, alikuwa ameulizwa yote ambayo huulizwa ukoo, na yote alikuwa ameyajibu: sisi ni kina nani, tunakula nini, tunagombana vipi, tunazikana wapi. Mahali ambapo hakujua alisema hajui. Zawadi zilipokelewa. Dua ikaombwa. Hivyo gari la pili lilipoleta wazee wangu, baba mkubwa akateremka akiwa ameshika hotuba yake kichwani tangu Kisumu, akaambiwa karibuni, mambo yamekwisha vizuri, chai iko tayari.

“Akafanya nini?” nikauliza, ingawa nilijua.

“Alikataa chai. Alimwuliza mzee wa pikipiki nani alimtuma aseme. Mzee wa pikipiki akajibu kwamba aliulizwa. Halafu baba yako mkubwa akamgeukia baba yangu, akamwambia kwamba sisi hatujaja. Akamwambia, ‘Mtu aliyekuja ni wenu. Mmeozesha binti yenu kwa mtu wenu. Wajaluo ndio wanafika sasa, na wanaomba lango lifungwe.’”

Nilikaa chini.

“Na baba yako?”

“Baba yangu alivaa koti tena,” akasema.

Akanieleza jinsi ilivyokuwa. Viti vilipangwa upya. Akina mama, waliokuwa wameshavua kanga zao za sherehe na kuanza kuosha vyombo, walirudi langoni mikono ikiwa imelowa, wakafunga, wakaimba. Nje walisimama baba mkubwa, kisha Baba, kisha Waya, na nyuma yao, kwa agizo la baba mkubwa mwenyewe, jirani, kama mdogo wa mwisho. Waya akawajibu akina mama kwa Kijaluo, na mbali na jirani hakuna aliyeelewa lolote pande zote mbili, lakini ilionekana hakuna aliyeshindwa. Baba mkubwa akasema hotuba yote. Alieleza pia sababu ya kuchelewa, bila kuficha msiba wala kipaza sauti, na jinsi mdogo wake alivyoiacha ndege iende badala ya kumtangulia mlangoni. Mzee mmoja wa kule aliuliza kama kweli waliiona ndege ikiruka wakiwa wamesimama. Baba akamwambia ndiyo, waliiona.

“Baba yangu hakusema kitu muda wote huo,” mchumba wangu akasema. “Mwishoni akasema, ‘Nilisema ndiyo mchana. Naisema tena, kwa sababu hawa wamesafiri.’”

Nilisikia mtu akimwita, naye akimjibu “ni yeye,” kisha simu ikashikwa na mkono mwingine.

“Kijana,” sauti ya mwanamume ikasema. Niliinuka kutoka kitini.

“Naam, Baba.”

“Ulikuwa wapi leo?”

“Uwanja wa ndege, Baba.”

“Ulichelewa?”

“Hapana. Nilifika mapema.”

“Mlango ulikuwa umefungwa?”

“Ulikuwa wazi, Baba.”

Mahali fulani nyuma yake Waya alikuwa akiomba chumvi.

“Siku utakaposafiri na binti yangu,” akasema, “naye akachelewa. Utafanya nini?”

“Nitamngoja.”

“Na ukichelewa wewe?”

Niliona sura ya Baba, na viti vitupu vya ndege, na mlango ule unaofunguka wenyewe. “Apande,” nikasema. “Aende. Nitamfuata.”

“Baba yako mkubwa atakubali hilo?”

“Hapana, Baba.”

“Haya,” akasema.

Nilingoja aendelee. Badala yake alimpa simu mtu mwingine, mwanamke mzee, ambaye hakujitambulisha, akaniuliza kama ni kweli kwamba samaki wa huko kwetu wana miiba mingi. Nikamwambia inategemea samaki.